Anakula kwa Nani?

Mwanamume akikataa ugali wa mkewe siku moja, utasema ni uchovu. Akikataa siku ya pili, utasema ni tumbo. Lakini wiki saba, jamani? Wiki saba nzima, Jumatatu hadi Jumamosi, Ogola alirudi nyumbani Kawangware, akaketi ukingoni mwa kitanda, akakata tonge moja, akalichovya kwenye mboga, akalitafuna kama dawa, kisha akaisukuma sahani polepole.

"Nimeshiba, Kavetsa. Asante."

"Umeshiba nini? Hujala."

"Sina njaa sana leo. Jua limenichoma huko kazini, bana."

Jua! Tangu lini jua likamshibisha mtu? Kavetsa aliitazama sahani, akamtazama mume wake, zile nyusi zilizoungua kidogo kwa cheche za kuchomelea milango, yale macho mapole yaliyomfanya akubali kuolewa bila kuuliza maswali mengi. Alimpenda huyu mtu. Nalisema wazi mapema ili nisije nikalaumiwa: alimpenda mpaka akawa mjinga kidogo, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Maana hawa wawili hawakuanza na vingi. Chumba kimoja cha mabati nyuma ya stage ya matatu za namba 56, kitanda, meko ya gesi, ndoo mbili na pazia alilolishona Kavetsa kwa mkono. Kiti hakikuwepo. Kitanda ndicho kilikuwa kiti, ndicho kilikuwa meza, na ndipo walipogombana na kupatana. Lakini kula? Wee, walikula! Omena, maharagwe, sukuma wiki isiyo na nyama wala ahadi ya nyama. Ugali ukiisha waligombania ukoko wa sufuria kijiko kwa kijiko, mpaka jirani yao Thuo anagonga ukuta.

"Nyinyi! Mnauana huko?"

"Tunapendana, mzee," Ogola alikuwa akijibu. "Lala!"

Siku hizi ukoko ulikauka sufuriani, na Thuo hakuwa na sababu ya kugonga.

Jumatano ya wiki hiyo ya saba, Kavetsa aliuchukua mkono wa mumewe kama mtu anayetaka kuubembeleza, akauleta karibu na uso wake. Ogola akatabasamu. Maskini, alidhani ni mahaba.

"Mkono wako unanuka samaki," Kavetsa akasema.

"Ni grisi hiyo."

"Grisi ya samaki?"

"Kuna grisi mpya wameleta."

"Ogola, nimeolewa na Mjaluo miaka miwili. Samaki naijua. Hii imekaangwa, ikatiwa nyanya, ikatiwa dania."

Ogola akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta mlango, akasema amechoka, akageukia ukuta. Alipokuwa akijigeuza, Kavetsa aliona mshipi wake. Ulikuwa umelegezwa tundu moja. Mtu asiyekula, halafu mshipi unambana! Hesabu hiyo hata mtoto wa nasari angeitoa.

Kesho yake asubuhi, katika saluni alikofanya kazi ya kusuka nywele, Kavetsa alimmwagia Audrey yote. Audrey alikuwa rafiki yake, wanatumia kioo kimoja, na mdomo wake haukuwahi kupumzika tangu saluni hiyo ifunguliwe.

"Mwanaume asiyekula kwake anakula mahali," Audrey akasema, kitana mkononi. "Na palipo na chakula pana mpishi. Aki Kavetsa, mpaka nikuchoree?"

"Labda anakula hotelini."

"Hoteli gani hiyo inamlisha mtu mpaka analegeza mshipi? Huyo anapikiwa. Tena anapikiwa na mtu anayempenda. Dalili ya mvua ni mawingu, mama, na wewe ushalowa kitambo!"

Mteja aliyekuwa amesukwa nusu kichwa akageuka kitini. "Kama ni mimi, ningekuwa nimeshaenda kumfuma."

"Wewe tulia, nywele zitaenda kombo," Kavetsa akamwambia. Lakini maneno yalikuwa yameingia.

"Na mama yake?" Audrey akauliza. "Si umwambie amkanye mtoto wake?"

"Yule? Afadhali nimwambie ukuta."

Kavetsa aliwahi kuingia kwa mama mkwe wake mara moja tu, siku ya kutambulishwa, huko Lindi, Kibera. Alienda na shangazi yake, dada ya baba, mtu wa Maragoli kamili, mwenye kujua kila mila na kutosamehe hata moja. Siku hiyo hapakutoka tusi. Chakula kililetwa, chakula kikaondolewa, watu wakaagana wakitazamana pembeni. Kavetsa alirudi nyumbani akilia. "Mama yako amenidharau," alimwambia Ogola. "Jina lake nisilisikie tena kwangu." Na Ogola akanyamaza, kwa sababu Ogola ana dawa moja tu kwa kila ugonjwa, nayo ni kunyamaza. Miaka miwili ikapita jina hilo halijatajwa.

Kavetsa akavuta mkoba kutoka chini ya meza. Ulikuwa umejaa nguo.

"Leo namfuata," akasema. "Nikimpata na mtu, Audrey, sirudi kwake. Utanilaza siku mbili, halafu naenda kwetu Vihiga. Watanicheka, wacha wanicheke."

"Na usipompata na mtu?"

"Basi anieleze samaki."

Saa kumi na nusu Kavetsa alikuwa Olympic, hapo Kibera, kitambaa kichwani, amesimama nyuma ya magodoro ya muuzaji mmoja, akitazama karakana ya mumewe ng'ambo ya barabara. Ogola alikuwa ameinama juu ya dirisha la chuma, miwani nyeusi usoni, cheche zikiruka. Alipoivua ile miwani na kujipangusa jasho kwa mkono, moyo wa Kavetsa ulifanya vile ulivyokuwa ukifanya siku za uchumba. Aliukemea. Moyo mpumbavu hauna adabu.

Kando ya karakana kulikuwa na kibanda cha githeri cha mwanamke mmoja aitwaye Wayua, mwenye mwanya na kicheko kikubwa. Kavetsa alimtazama kuanzia kitambaa hadi ndala. Mzuri, alikuwa mzuri. Akasogea, akijificha kwa kitambaa chake, akaagiza githeri asiyoitaka.

"Huyu fundi hapa ni mteja wako?" akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Nani, Ogola?" Wayua akacheka. "Huyo ni hasara tupu! Hata chai hanunui. Namwambia, fundi, onja basi, ananiambia anaweka nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya chakula cha mtu wake huko ndani Kianda. Saa kumi na moja ikigonga anaenda mbio kama mtoto wa shule. Ukimchelewesha anakasirika." Wayua akachota githeri. "Huyo mama lazima ana mkono mtamu."

Githeri ikamshinda Kavetsa kumeza. Huyo mama! Kumbe mtaa mzima unajua, muuza githeri anajua, mke peke yake ndiye kipofu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na wa Kavetsa alikuwa amelala upande wake wa kitanda kila usiku, amegeukia ukuta, ameshiba.

Dirisha lile lilimchelewesha mpaka saa kumi na moja na nusu, ndipo Ogola akanawa mikono kwenye ndoo, akakung'uta vumbi shatini, akashika njia. Kavetsa akamfuata. Walishuka Kianda, wakapita mabomba ya maji, wakapita kanisa la mabati ambapo kwaya ilikuwa mazoezini. Ogola alitembea haraka, bila kugeuka. Kwa mama mmoja muuza mboga alisimama akanunua nyanya mbili na kitunguu. Nyanya! Kwake nyumbani hajawahi kurudi na nyanya hata siku moja. Hilo lilimuuma Kavetsa kuliko samaki.

Ogola aliingia ploti moja ndefu ya vyumba vya kupanga, akafika mlango wa nne, akavua viatu nje. Hakubisha. Mtu asiyebisha ni mwenyeji.

Kavetsa akasimama ubavuni mwa mlango, pembeni mwa pazia, moyo ukimpiga mpaka masikioni.

"Umechelewa leo, baba," sauti ya mwanamke ikasema ndani. Ya chini, ya kubembeleza.

"Kulikuwa na kazi ya mtu, alitaka iishe leo."

"Haya, nawa. Nimekuwekea kichwa cha samaki. Wewe ndiye unajua kukifungua."

Maji yakamwagwa. Sahani ikawekwa. Halafu Kavetsa akasikia kitu ambacho hakuwa amekisikia wiki saba: Ogola akila. Si ile tafuna ya dawa. Alikula kwa njaa, kwa raha, akivuta mchuzi, akinyonya mifupa. Kavetsa aliijua sauti hiyo kama anavyojua kikohozi chake mwenyewe. Alidhani ni yake peke yake.

"Ongeza, baba. Huko kwako hawajui kupika."

Hapo ndipo pazia lilipong'oka na kamba yake.

"Hawajui kupika nani?" Kavetsa akapaza sauti. "Nasema, nani hajui kupika?"

Ogola aliruka, tonge mkononi. Na ng'ambo ya sahani, juu ya kigoda, alikuwa ameketi mwanamke wa miaka sitini na ushee, mwembamba, leso kiunoni, mwiko mkononi. Si kidosho. Si mwenye mwanya. Mama Amolo mwenyewe, mama mzazi wa Ogola.

Kwaya ilisikika kwa mbali.

"Keti, Ogola," mama akasema mwishowe. "Mtu hasimami na chakula mkononi." Kisha akainua macho kwa Kavetsa. "Na wewe, kwenu mnaingia hivi? Hamna hodi?"

Kavetsa alitaka kucheka, alitaka kulia, na juu ya hayo yote alitaka kumpiga mtu.

"Nilidhani ni mwanamke," akasema.

"Kwani mimi ni nini?"

"Kavetsa, nisikize," Ogola akaanza.

"Wewe nyamaza! Si ndiyo kazi yako? Nyamaza!" Machozi yalikuwa yameanza. "Wiki saba! Wiki saba napika, nafunika, nafunua, nakula baridi. Nimefunga nguo zangu, Ogola. Mkoba uko kwa Audrey. Leo nilikuwa naenda kwetu!"

Ogola akawa na uso wa mtu aliyechomwa na chuma chake mwenyewe. "Unaenda wapi? Kavetsa, hapana. Ningekuambiaje? Ulisema jina la mama lisitajwe. Ulisema siku nitakayokula kwake nisiguse chako."

"Nilisema kwa hasira!"

"Mimi nilisikia kwa masikio."

"Kwa hivyo ukaona heri nidhani una mtu?"

"Sikujua unadhani hivyo. Hukuniuliza."

"Nilikuuliza kila siku! Umeshiba nini, nilikuuliza, ukaniambia jua!"

Mama Amolo akaweka mwiko chini kwa kishindo. "Muache mtoto wangu. Ndiyo, anakula hapa. Kwani ulitaka akale wapi, na wewe ndiye uliyeona chakula changu ni sumu?"

"Sumu?" Kavetsa akashangaa. "Nani alisema sumu?"

"Mdomo haukusema. Mikono ilisema." Mama akamwelekezea kidole. "Ulikuja kwangu Lindi na huyo shangazi yako. Nikakukaangia samaki mzima, ngege wa ziwani, si vipande. Niliazima sahani kwa majirani ndio mle vizuri. Wewe ukaketi, mikono mapajani, ukaangalia samaki yangu kama nyoka. Hukuonja hata mchuzi. Na majirani wako mlangoni wanaona! Nikirudisha zile sahani, mmoja akaniuliza, Amolo, kwani wewe ni mchawi, mkamwana anaogopa kula kwako? Mwezi mzima sikuenda bombani. Nilikuwa natuma mtoto wa watu anichotee maji. Mpaka nikahama Lindi kabisa, nikaja huku nisikojulikana."

Kavetsa aliketi. Hakuambiwa karibu, wala hakupewa kiti. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, kama alivyozoea kwake.

"Mama," akasema, sauti ikiwa imekwisha nguvu. "Sikuwa naogopa. Nilikuwa nangoja."

"Ulikuwa unangoja nini?"

"Kupewa kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote. Kwetu msichana akiletwa mara ya kwanza kwa kina mume hali mpaka apewe kitu. Kuku, leso, kikombe, hata kijiko. Akila bila kupewa, watu wanamcheka, wanasema ana njaa, amekuja kwa sababu ya chakula. Shangazi aliniambia nisiguse, mama mkwe wako atakuja na kitu chake. Nikangoja. Nilikuwa nimeshinda na njaa tangu asubuhi, na ile samaki ilikuwa inanukia, mama, mate yalinijaa mdomoni! Halafu ukaja ukachukua sahani. Ukaondoka nayo. Nikajua hunitaki. Nikajua hata kijiko umeona sistahili."

Mama Amolo alimtazama muda mrefu, macho yamefinywa, kama mtu anayepima noti akishuku ni bandia.

"Unanidanganya wewe."

"Shangazi yuko hai. Mpigie simu sasa hivi."

"Simpigii mtu. Mbona hakusema, huyo shangazi yako?"

"Kitu hicho hakiombwi. Ukiomba umeharibu."

"Sasa nani atajua?" Mama akapaza sauti. "Mimi nitajulia wapi mambo ya Maragoli? Sisi kwetu mgeni akiwekewa chakula anakula! Ogola, wewe ulijua hii?"

Ogola akatikisa kichwa.

"Miaka miwili," mama akasema polepole. "Kwa sababu ya kijiko."

Kisha akaanza kusema, si kwa Kavetsa wala si kwa Ogola, akitazama tu sufuria. "Jael alipokuwa hapa nilikuwa napika. Huyo kitinda mimba wangu alikuwa anakula kama wanaume wawili. Mwezi wa saba akapata kazi Eldoret, akaenda. Nikabaki peke yangu. Nakuambia, ugali wa mtu mmoja haupikiki. Unachemsha maji, unaangalia unga, unaona aibu. Nikawa nakunywa chai nalala. Huyu alikuja siku moja akanipata nimeanguka kwa njaa hapo mlangoni."

"Nikija ndiyo anapika," Ogola akasema. "Nikikataa sahani, naye hali. Nifanye nini, Kavetsa? Nilijaribu kula kidogo huku na kidogo huko. Mama hakubali kidogo."

Kavetsa alimtazama mumewe. Hasira ilikuwepo bado, msinielewe vibaya. Mwanamke aliyedanganywa wiki saba haponi kwa dakika saba. Lakini aliona ule mshipi uliolegezwa, akaona huyu mtu akibeba matumbo mawili ya watu kutoka Kianda hadi Kawangware, akiogopa kumuudhi yeyote, na akawa amewaudhi wote. Alitamani kumshika uso. Akajizuia.

"Na mimi je?" akamuuliza. "Kwangu nani alikuwa anakula? Unadhani ugali wa mtu mmoja haupikiki Kibera peke yake?" Akamgeukia mama. "Hata mimi nimekuwa nikila peke yangu, mama. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na mtu ameketi mbele yangu, ananitazama nikitafuna. Nilikuwa natafuna kama niko matangani."

Mama Amolo alivuta kigoda chake mpaka karibu na kitanda. Akanawa mikono, polepole, kidole kwa kidole. Akakata tonge kutoka sahani iliyokuwa mbele ya Ogola, akalikanda, akalitia samaki, akalitumbukiza kwenye mchuzi. Halafu, macho yake yakiwa kwenye macho ya Kavetsa, akalitia mdomoni mwake mwenyewe. Akatafuna. Akameza. Akafungua mdomo uonekane mtupu.

"Umeona?" akasema. "Sijafa."

"Mama, sikusema—"

"Nyamaza. Naonyesha, sisemi." Akamnyang'anya Ogola sahani, akaiweka juu ya magoti ya Kavetsa, na sauti yake ikavunjika katikati. "Huyu ameshiba wiki saba. Wewe ndiye una njaa. Kula, mwanangu."

Kavetsa aliitazama ile samaki. Shangazi yake angemkemea: umepewa nini wewe, kijiko kiko wapi? Akamimina maji mikononi, akakata tonge kubwa, la mtu asiyeona haya, akala. Ilikuwa na chumvi kidogo kupita kiasi, na hakuwahi kula kitu kitamu kama hicho maishani mwake. Machozi yalimtiririka akala hivyo hivyo. Mama naye akakata lake, wakawa wanakula wawili, bila kusema, kila mmoja akimsogezea mwenzake nyama upande wake.

Ogola alikaa pale katikati ya wanawake wake wawili, akiwatazama kama mtu aliyeona mvua baada ya kiangazi. Akajisahau. Akanyoosha mkono kuelekea kile kichwa cha samaki.

Wakamchapa mkono wote wawili kwa pamoja.